Ngama, Deheni na Sifa: Maneno Matatu ya Mabaharia

Methali isemayo "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" yajulikana na wanafunzi wengi, lakini ni wachache, hasa wa bara, wawezao kueleza ngama ni kitu gani. Wengi hufasiri kuwa ni nyumbani, wakaishia hapo.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, na omo ni ya mbele. Ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo hukusanyika maji yanayopenya katika maungio ya mbao. Jahazi la mbao, hata likiwa jipya, halikosi kuvuja. Kwa hiyo baharia aweza kuwa nyuma kwenye usukani au mbele penye nanga, lakini hana budi kushuka ngamani akayakumbe maji kwa upo, ama sivyo chombo kitazama. Methali, basi, ina kazi ndani yake, tena kazi nzito yenye uvundo. Anayefasiri "nyumbani" amepata nusu ya maana tu.

Ili kupunguza maji hayo, nyufa za mbao hutiwa kalafati, yaani hushindiliwa pamba. Kisha sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mafuta. Mbao nazo hupakwa sifa. Hapa mgeni hupotea, akidhani chombo kinasifiwa! Kumbe sifa hii ni mafuta ya papa, neno jingine kabisa.

Yako maneno ya baharini yaliyopanda nchi kavu yakastawi. Nahodha, ambaye kwa Kiajemi ni bwana wa chombo, leo huongoza timu ya mpira. Usukani uko katika gari. Na kuunda, ambako kulihusu zaidi vyombo vya bahari, sasa ni kwa kamati na serikali. Ngama, deheni na sifa hayakupata bahati hiyo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyahifadhi, lakini kwa ufupi mno. Huko Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wangali wakiunda majahazi. Watungao kamusi na vitabu vya shule wangeanza kuuliza kwao, kabla mashua za plastiki hazijaondoa haja ya kalafati.