Rada ni Gani? Hivi Ndivyo Wafugaji wa Isiolo Hupashana Habari za Nyasi na Mvua

Mtaani ukipatana na msee wako unamuuliza, "Rada ni gani?" Anakushow "fiti tu", mnagotana, kila mtu anajitoa. Lakini kwa wafugaji wa Kiborana kule Isiolo, hilo swali haliishii hapo. Ukitoka mbali unatarajiwa kumwaga stori yote: umepitia wapi, mvua imenyesha wapi, nyasi iko aje, kisima gani kina maji, kuna ugonjwa wa mifugo, kuna usalama? Ukidanganya, ng'ombe wa watu watatembea siku kadhaa kufuata vumbi.

Na hiyo ni noma. Kwa ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa hapa Kenya. Kwa mfugaji, habari ni mali.

Vijana ndio macho

Waborana hugawanya mifugo mara mbili. Kuna warra, wale wa maziwa wanaobaki karibu na nyumbani, na kuna fora, wale wasiokamuliwa, ambao vijana huwapeleka mbali kutafuta malisho. Kwa hivyo mayut wa rika lako ndio wanaona kwanza nyasi ikianza kuisha.

Kabla ya watu kuhama, wazee hutuma wasee wachache waende wapige rada. Hiyo kazi inaitwa aburu. Hawaangalii tu kama kuna kijani. Wanacheki ni nyasi ya aina gani na itatosha mifugo wangapi, maji yako umbali gani, kama kuna kupe wengi, na nani ameshafika hapo. Wakirudi wanatoa ripoti mbele ya watu, na wanaulizwa maswali si kidogo. Jina lako likiingia doa hapo, safari ijayo nani atakuamini?

Dedha ni nini?

Ukishajua nyasi iko wapi, bado huna ruhusa ya kuingia. Hapo ndio dedha inakuja. Dedha ni eneo kubwa la malisho ambalo lina baraza lake la wazee. Hao ndio husema ni wapi palishwe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi pawekwe akiba ya ukame, ile haiguswi mpaka mambo yachemke kabisa.

Hesabu yao ni simple. Mvua ikinyesha, mifugo wanaenda mbali na mto Ewaso Ng'iro na kunywa maji ya madimbwi. Madimbwi yakikauka, wanarudi karibu na mto na visima, na wanapata nyasi imepumzika. Mgeni naye anaomba kwanza, anaambiwa aingie wapi na kwa masharti gani.

Hata kisimani kuna mpango. Abba herega ndiye hupanga zamu za kunywesha. Na kwa sababu mifugo wanasubiri kwa foleni, kisima kinageuka kijiwe: watu wa pande zote wanakutana, wanabonga, na kila mtu anaondoka na rada mpya.

Simu imeleta shida gani?

Siku hizi kijana wa fora akiwa na network anaweza kutuma video ya nyasi kwa WhatsApp saa hiyo hiyo. Poa sana, lakini simu haiombi ruhusa kwa wazee. Mvua ikinyesha mahali pamoja na kila mtu akikimbilia huko, nyasi ya mwezi mzima inaisha chap chap. Ile stori ya zamani ilikuja polepole, lakini ilikuja pamoja na sheria.

Na dedha zenyewe zimepitia mengi. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, Waborana wa Waso walifungiwa kwa kambi kama Garba Tula na Merti, na mifugo wengi wakaangamia. Baadaye machifu na kamati mpya wakachukua sehemu ya nguvu za wazee. Visima vikaanza kuchimbwa bila kuwauliza.

Utasema kisima kina ubaya gani? Ukichimba kisima cha kudumu ndani ya akiba ya ukame, watu wanakaa hapo mwaka mzima. Ukame ukija, akiba hakuna.

Ndio maana miaka ya 2010 wazee wa Isiolo walikaa chini na wataalamu, wakatoa yale yote waliyo nayo kichwani na kuyaweka kwa ramani za setilaiti: njia za mifugo, visima, malisho ya kila msimu. Sasa mpangaji wa kaunti anaweza kuona akiba iko wapi kabla hajaleta mashine ya kuchimba.

Lakini setilaiti nayo ina mipaka. Ikiona kijani, ni kijani tu. Haijui kama hiyo ni nyasi tamu ama ni mathenge imejaa kila mahali. Wala haijui kama wenyeji wamekubali mwingie. Hiyo bado inataka kijana aende kwa miguu, acheki, arudi aseme ukweli mbele ya wazee.