Kusomesha Qurani kwa Sauti Zilizonaswa

Wazazi wengi wa watoto wa chuo chetu wametuuliza swali moja, na baadhi yao wameliuliza kwa hasira: kwa nini mwalimu aweke simu juu ya meza ya chuo, ilhali wao nyumbani wanagombana na watoto wao kila usiku waiache simu hiyo hiyo? Swali hili ni la haki. Na kwa kuwa twajua kwamba linaulizwa katika nyumba nyingine nyingi za Waislamu, tumeona yatupasa kulijibu hapa, na katika kulijibu hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Sisi tulisoma Qurani kwa ubao na wino wa masizi, mbele ya mwalimu aliyesoma vivyo hivyo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tuliyoyapokea kinywani mwake tuliwapokeza watoto wa watu, na kwa muda wa miaka mingi tuliisomesha Suratul Fatiha bila ya kuingiwa na shaka yoyote. Ikatokea mwezi mmoja wa Ramadhani, kijana mmoja akaja na kanda ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, akauliza mbele ya wenziwe, “Maalim, mbona sheikh huyu hasomi kama sisi?” Tulikaribia kumkemea. Lakini tukasikiliza mara moja, na mara ya pili, na tulipofika mara ya kumi tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Kosa letu lilikuwa katika herufi ya dhadi. Mwisho wa Fatiha, tuliposoma “waladh-dhaallin”, tulikuwa tukitia ncha ya ulimi baina ya meno, kama Mswahili asemapo dhambi au dhahabu. Dhadi haitoki hapo, bali hutoka ubavuni mwa ulimi unapogusa magego ya juu. Wala hili si jambo la urembo wa sauti, kwani kwa dhadi neno ni “waliopotea”, na likisomwa kwa dhaa lageuka kuwa na maana ya kubaki na kuendelea. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wamelizungumza kwa ukali, kwa kuwa Fatiha ni nguzo ya Sala. Basi msomaji na akadirie mwenyewe ni watoto wangapi waliotoka mikononi mwetu na kosa hilo.

Rikodi ile iliyotuaibisha ina kisa chake. Mwaka 1959 Labib al-Said, mtu wa Misri, alitoa rai kwamba kama Qurani ilivyokusanywa zamani kwa maandishi, na ikusanywe sasa kwa sauti, ili aliye mbali na wasomaji mahodari apate kuisikia ilivyo. Mwaka 1961 msahafu wote ulikwisha kunaswa kwa sauti ya Sheikh al-Husary, kwa kisomo cha Hafsi kutoka kwa Asim, ambacho ndicho kisomwacho leo katika sehemu kubwa ya dunia. Ulianza kwa santuri, ukaja katika kanda, na sasa umo ndani ya simu. Na jambo lililotugusa zaidi ni kuwa sheikh huyo, pamoja na umahiri wake wote, alinasa sauti yake huku wanavyuoni wakimsikiliza. Hakuachwa peke yake na chombo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sayyidna Uthman, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipopeleka misahafu katika miji, hakupeleka karatasi tupu, bali alipeleka na wasomaji wa kuisomesha. Kufa ilisomesha Abu Abdurrahman as-Sulami, naye ndiye aliyesomewa na Asim, na Asim akasomewa na Hafsi. Twasema kusudi “akasomewa”. Mwanafunzi alisoma, na mwalimu alisikiliza.

Na hapa ndipo penye upungufu wa chombo. Mwaka mmoja baada ya likizo aliletwa kwetu mtoto aliyehifadhi Juzuu Amma kwa simu ya mama yake. Sauti yake ilipanda na kushuka kama ya wasomaji wakubwa, hata watoto wengine wakaacha vyao wakamtazama. Lakini alipofika Suratul Ikhlas alisoma “kul”, kwa kafu, pahala pa “qul”, kwa qafu. Qul ni “sema”. Kul ni “kula”. Mama mtu, aliyekuja ili tumpongeze mwanawe, alituuliza mbona tumenyamaza. Chombo kilimsomea mtoto yule sura ile labda mara mia, wala hakikumwambia hata mara moja, “Rudia.” Zipo sasa programu za simu zinazomsikiliza msomaji na kumwonyesha neno alilolisahau, nasi twazisifu kwa hilo, lakini kusahau neno ni jambo moja, na kuharibu herufi ni jambo jingine. Kumtoa mtoto yule katika kafu kulituchukua muda mrefu kuliko alioutumia kuhifadhi.

Kwa hiyo chuoni petu simu ni moja, ya mwalimu, haina laini ndani yake, wala haishikwi na mtoto. Husoma aya moja, ikazimwa, na watoto wakaifuatisha kwa pamoja. Ikarudia, nao wakarudia. Kisha kila mmoja huja peke yake mbele ya mwalimu, kama desturi ya zamani. Faida tuliyoiona kubwa zaidi haimo katika sauti ya sheikh, bali katika sauti ya mtoto mwenyewe. Twamnasa akisoma, twamsikilizisha sheikh, kisha twamsikilizisha yeye. Mtoto aliyebishana nasi juma zima kwamba haa yake ni sawa, hujisikia, akacheka, akaomba kusoma tena.

Nanyi wazazi, msioijua Qurani kwa tajwidi msijione hamna kazi. Wekeni simu mezani na si mkononi mwa mtoto. Chagueni msomaji mmoja asomaye polepole. Aya tano zatosha kwa usiku. Na kesho yake mpelekeni akasikilizwe. Hofu yenu juu ya picha na michezo ya simu twaikubali yote, na ndiyo maana twasema mkae naye hapo hapo.

Baada ya kanda ile tuliwatafuta wanafunzi wetu wa zamani mmoja mmoja, tukawaambia tulivyowakosesha. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na mmoja alikataa kabisa kwamba mwalimu wake alikosea. Yuko mmoja ambaye yeye mwenyewe sasa asomesha watoto huko bara. Mwezi uliopita tulimpelekea Fatiha ya Sheikh al-Husary kwa simu, tukamtaka aturudishie sauti yake. Akaleta. Dhadi ya “maghdhubi” ilikuwa sawa. Ya “dhaallin” bado. Tumemrudishia aya ya saba.