Bajeti ya Kaunti Hupikwa Mapema, Wewe Unafika Kuosha Sufuria

Najua ulikuwa mjini Juni 25, 2024. Au ulikuwa kwa simu ukisukuma hashtegi, ni sawa pia. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Wengine wetu hawakurudi nyumbani.

Sasa niambie ukweli: bajeti ya kaunti yako ushawahi kuiona? Mswada wa Fedha unasema pesa zitatoka mfukoni mwa nani. Bajeti ndiyo inasema zinaenda wapi. Huko mtaani ni wachache wanafuatilia.

Mwaka jana nilienda kikao cha bajeti kwenye ukumbi wa wadi yetu. Tangazo nililiona kwa bahati tu, mama mboga alikuwa amenifungia sukuma na gazeti la jana yake. Nikafika saa tatu, kikao kikaanza saa sita. Watu karibu mia, kijitabu cha makadirio ni kimoja, na ni Kizungu kitupu. Nikasimama nikauliza kuhusu mtaro wetu, ule unaofurika kila mvua ikinyesha hadi vyumba vya chini vinageuka kidimbwi. Afisa akanijibu kwa upole: "Ndugu yangu, hiyo ungeileta mapema. Hapa viwango vimeshafungwa."

Tukapewa soda, tukasaini karatasi ya mahudhurio. Yaani jina langu liko kwa orodha ya walioshirikishwa.

Nilitoka hapo nikiwa na hasira, lakini baadaye nikasoma Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na inaniuma kukubali kwamba jamaa hakuwa amenidanganya. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bungeni kwa kaunti kufikia Septemba 1. Hati ya mkakati wa fedha, ile inayogawia kila idara kiwango chake, mwisho ni Februari 28. Makadirio yenyewe huja Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa hivyo ukijitokeza Mei na mtaro wako, ugali umeshaiva, unabishania chumvi.

Lakini hilo halimwondolei mtu lawama. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushiriki wa umma kwa mambo ya pesa. Kijitabu kimoja kwa watu mia si uwazi. Na inawezekana kufanya vizuri: Makueni, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, vikao vilianzia vijijini, na wakazi wakachagua kamati za kukagua miradi.

Ukinyimwa hati, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Akinyamaza, mpeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti nazo ziko mtandaoni bure, zinaonyesha kaunti yako imetumia ngapi kwa safari na ngapi kwa maendeleo. Soma ukiwa umeketi.

Mimi Agosti iliyofuata nilipeleka barua ya mtaro, majirani wa ploti wakatia sahihi, nikasisitiza nakala yangu igongwe muhuri. Mpango ulipotoka, mtaro ulikuwemo, jina la mtaa limekosewa herufi mbili. Nimerudi na barua nyingine ya kurekebisha hilo jina, maana mkandarasi anaweza kuchimba kwa wenyewe.