Istilahi za Vijazo vya Uso: Jina na Lieleze Kinachofuata Baada ya Sindano

Mji mdogo wa Benaco, wilayani Ngara, ulipata jina lake kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara. Mwaka 1994 jina hilo lilitajwa duniani kote kwa ajili ya kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda. Wakimbizi walirejea kwao mwaka 1996, jina limebaki. Jina la mahali laweza kudumu pasipo kueleza lolote. Istilahi ya tiba haina ruhusa hiyo, hasa katika njia panda kama ile, ambapo Mhangaza, Mshubi, Mnyarwanda na Mrundi huelewana kwa Kiswahili, nacho kwa wengi wao ni lugha ya pili.

Katika makala haya tunakusudia kupendekeza istilahi za vitu vinavyodungwa chini ya ngozi ili kuinua uso uliobonyea. Huenda msomaji akadhani kuwa hilo ni jambo la urembo tu. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, lina uzito zaidi. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulioanza mwaka 2004 ulitumia stavudini miongoni mwa dawa zake za mwanzo. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini iliweza kuyeyusha mafuta ya mashavuni. Mtu alipata nguvu huku uso wake ukisinyaa, na jirani akaona dalili ya kifo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache stavudini kwa sababu ya madhara yake. Hata hivyo, mafuta yaliyopotea hurudi polepole, na mara nyingi hayarudi yote.

Hali hiyo tuiiteje? Baadhi ya wafasiri huandika "upungufu wa ujazo wa uso". Ujazo ni neno la hesabu. Humfanya msomaji afikirie lita na debe. "Kukonda" nako hakufai, kwani ni kwa mwili mzima na huashiria ugonjwa unaozidi. Tunapendekeza "kubonyea kwa uso", na inapolazimu, "kubonyea kwa uso kutokana na dawa". Hapo chanzo chatajwa, na shaka ya jirani yapata jibu.

Kitu kinachodungwa tunapendekeza kiitwe "kijazo", kutokana na kitenzi jaza, kama vile kizibo kinavyotokana na ziba. Kisiitwe "dawa ya kujaza", maana hakitibu virusi wala hakirudishi mafuta. Tena kisichanganywe na "kijalizo", istilahi ya wanaisimu.

Vijazo havifanani, na hapa ndipo mgonjwa anapohitaji msaada wa lugha ili achague. Majina ya kikemia pekee hayamsaidii. Twapendekeza mafungu manne:

Kwanza, "kijazo kiyeyushwacho": asidi ya hayaluroniki, ambayo kwa asili imo ngozini. Hunyonywa na mwili baada ya miezi kadhaa, na daktari aweza kuiyeyusha mapema kwa kimeng'enya.

Pili, "kijazo kinyonywacho": haidroksiapatiti ya kalsiamu, madini ya jamii ya yale ya mifupani. Mwili huinyonya taratibu, lakini hakuna sindano ya kuiyeyusha.

Tatu, "kichocheo cha kolajeni": asidi ya polilaktiki. Hii hasa haijazi, bali huichochea ngozi ijijenge yenyewe kwa miezi, baada ya sindano za awamu kadhaa. Marekani iliidhinisha kitu hiki mwaka 2004 kwa uso uliobonyea wa watu wenye virusi vya UKIMWI, na kile cha pili mwaka 2006.

Nne ni silikoni ya majimaji na vinginevyo visivyonyonywa. Wafasiri wengi wataandika "kijazo cha kudumu". Tunawasihi wasifanye hivyo. Katika Kiswahili kudumu ni sifa njema: twaomba amani ya kudumu, twaitakia ndoa idumu. Mgonjwa atakichagua hicho kwa sababu ya jina lake, ilhali chaweza kuhama mahali pake, kufanya vinundu na kuharibu uso hata miaka mingi baadaye. Kiitwe "kijazo kisichotoka". Jina hilo si tamu, na halikukusudiwa kuwa tamu.

Kwa vyote vinne, maelezo yataje pia "kuziba kwa mshipa wa damu". Kijazo kikiingia mshipani chaweza kuua ngozi au kuleta upofu. Kwa hiyo mdungaji sharti awe daktari aliyefunzwa.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya wa Ngara na Biharamulo watuletee maneno ya Kihangaza na Kishubi yanayotaja kubonyea kwa uso bila kumdhalilisha mwenye uso. Endapo litapatikana lililo bora kuliko letu, tutalipokea.