Maji ya Majani ya Mpera kwa Ngozi

Uma pera bichi. Mara ulimi unakauka, na kinywa kinakazwa. Kitu kinachofanya hivyo huitwa tanini. Kimo pia katika majani ya mpera, nacho hukaza na kukausha ngozi iliyolowana. Marekani kuna kichaka kiitwacho Hamamelis. Wenyeji wa kule walikichemsha tangu zamani kwa kazi hiyo hiyo, na maji yake huuzwa katika chupa. Kichaka hicho hakioti Uvira. Usitoe franka zako kukitafuta, maana mpera uko nyuma ya nyumba.

Katika joto la kando ya ziwa, watoto hupata vipele vya jasho shingoni na kwapani. Mama wengi huwapaka mawese, na mafuta huzidi kuziba jasho. Afadhali maji ya mpera.

Twaa konzi mbili za majani mabichi, uyaoshe, uyatie katika sufuria yenye litre moja ya maji. Chemsha kwa robo saa. Chungu cha chuma hakifai, maji yatakuwa meusi kama wino. Wengine huloweka majani tu, ili kuokoa makala. Hilo ni kosa, kwa sababu maji ya ziwa na ya Mulongwe huweza kuwa na vijidudu, hata vya kipindupindu. Si majani tu yanayotaka moto, ni maji yenyewe. Funika mpaka yapoe, chuja, kisha lowesha kitambaa safi na kukiweka juu ya vipele kwa dakika kumi, asubuhi na jioni. (Usichague kitambaa kizuri, kitapata madoa ya kahawia.) Yaliyobaki jioni, yamwage. Usitie machoni, wala katika kidonda kirefu, wala palipoungua moto.

Vipele vya jasho vikikaa siku tatu bila kupungua, acha maji haya. Huenda ugonjwa ni mwingine.

Tazama kati ya vidole vya mikono na viganjani. Mtoto akijikuna sana usiku, na ndugu zake pia, ni upele. Mdudu mdogo sana amechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Mama humwosha mtoto kwa maji ya mpera, mtoto hutulia kidogo, naye mama hufurahi; lakini mdudu hakufa. Baada ya majuma machache nyumba nzima inajikuna. Omba dawa hospitalini, mpakwe wote siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani.

Alama iliyofifia rangi, isiyowasha, tena haisikii ukigusa kwa unyoya, huenda ni ukoma. Dawa yake hutolewa bure, nayo huponya. Ukichelewa, vidole huharibika, wala havirudi.

Tena mwaka 2024 wagonjwa wengi wa mpox walionekana Uvira. Mtu akiwa na homa, tezi zimevimba, na malengelenge yametoka usoni, viganjani au sehemu za siri, usimpake kitu. Mpeleke hospitali siku ile ile. Asilale kitanda kimoja na wengine, na kitambaa chake kisiguse ngozi ya mtu mwingine.