UZI: Maji ya Lamu, ni nani anayamaliza?

1/ Kila msimu wa siasa, Lamu tunasikia kambi mbili. Moja: "Mahoteli yanamaliza maji ya wananchi." Nyingine: "Mkigusa utalii mnaua kazi." Mimi nina gesti ya vyumba vitano Shela, kwa hivyo hii maneno inanihusu. Nisomeni hadi mwisho, ndio mnirushie mawe.

2/ Maji yanatoka wapi? Kisiwa hakina mto. Mvua inazama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini. Visima vya hapo ndivyo vinanywesha mji.

3/ Hesabu ya wataalamu: kwa kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Sasa pindua. Ukishusha mita 1 kwa kuvuta sana, chumvi baadaye inaweza kupanda kama mita 40. Ndiyo maana kisima chetu hakingoji kukauka. Kinageuka chumvi kwanza.

4/ Kambi ya kwanza ina ukweli. Krismasi moja pampu yangu ilinguruma mchana kutwa nijaze tangi la wageni. Januari, mama jirani akaja na kikombe cha chai. "Onja." Chai ilikuwa na chumvi. Sio pampu yangu peke yake, lakini nilishindwa kumtazama usoni.

5/ Kambi ya pili pia ina ukweli. Mvuvi, nahodha na mpishi wanakula kupitia wageni. Kufunga gesti si jibu. Swali ni: tunavuta kiasi gani, na nani anapima?

6/ Nani anawajibika? Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne linaipa kaunti huduma za maji. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 inaweka rasilimali yenyewe mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba yetu, na kibali cha kuvuta kwa pampu kinatoka WRA. Kwa hivyo wakianza kurushiana lawama, jueni kila mmoja ana kipande chake.

7/ Mimi nilifanya nini? Niliweka mita kwenye pampu. Navuta kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita 100 za mraba ni karibu lita 5,000, basi nimerudisha birika kama wazee wetu. Shuka hazifuliwi kila siku mgeni asipoomba. Maji ya kuoga yanaenda kwenye migomba. Swimming pool? Nimekataa.

8/ Mgombea akija na ahadi ya "visima vipya", muulizeni:
- Kibali kiko wapi?
- Nani atapima chumvi, na matokeo tutayaona wapi?
- Vilima vya mchanga utavilinda vipi visijengwe?

Akijibu kwa wimbo na ngoma, mpeni kikombe cha chai ya jirani yangu.