Je, Bakteria Huchagua Chakula? Tatizo la Istilahi katika Kueleza Udhibiti wa Jeni

1. Utangulizi

Mwandishi wa Kiswahili anayejaribu kueleza maisha ya viumbe visivyoonekana kwa macho hukumbana mapema na tatizo la vitenzi. Akiandika kwamba bakteria "hupendelea" glukosi kuliko sukari nyingine, amekwisha kuipa bakteria nia. Akiandika kwamba "huchagua", ameipa na akili. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo jinsi linavyotendeka, na kuonyesha kwamba istilahi mbaya yaweza kuharibu maelezo yaliyo sahihi.

2. Jambo lenyewe

Katika tasnifu yake ya mwaka 1941, Mfaransa Jacques Monod alieleza jinsi alivyokuza bakteria katika maji yenye sukari za aina mbili. Kwa baadhi ya jozi za sukari, bakteria ziliongezeka upesi hadi sukari ya kwanza ikaisha, zikatua kidogo, kisha zikaongezeka tena kwa kutumia ya pili. Hali hiyo aliipa jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya kukua mara mbili.

Tuchukue mfano wa Escherichia coli, ikaayo katika utumbo wa binadamu, inapopewa glukosi pamoja na laktosi, yaani sukari ya maziwa. François Jacob na Monod walieleza mwaka 1961 kwamba kipo kizuio cha jeni za laktosi; kizuio hicho ni protini inayoshika uzi wa DNA penye mwanzo wa jeni hizo na kuzuia zisisomwe. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, ambayo huishika protini hiyo na kuifanya iuachie uzi. Hata hivyo, kuondoka kwa kizuio hakutoshi. Jeni hizo husomwa kwa wingi iwapo tu protini ya pili, ikiwa imeshikana na molekuli ndogo iitwayo AMP duara, inakaa jirani na kukisaidia kimeng'enya kinachosoma jeni.

Glukosi nayo huingizwa katika seli kwa kupachikwa fosfati, ambayo hupokezanwa na protini kadhaa kama ndoo za maji wakati wa kuzima moto. Protini moja katika safu hiyo ina kazi mbili. Glukosi ikiwa tele, protini hiyo huipoteza fosfati yake kila mara. Nayo ikiwa tupu, huushika mlango wa kupitishia laktosi na kuufunga. Glukosi ikiisha, fosfati hubaki juu yake, mlango huachiliwa, na kimeng'enya kinachotengeneza AMP duara huamshwa. Hapana mahali katika mpango huu ambapo kitu kinapima na kuamua.

3. Majina na makosa yake

Wataalamu wa elimu hii waliliona tatizo la majina mapema. Awali walisema kwamba vimeng'enya "hujirekebisha" kulingana na chakula. Mwaka 1953 watano kati yao, Monod akiwamo, walichapisha katika jarida la Nature pendekezo kwamba badala yake itumike istilahi yenye maana ya "kuchochewa". Tofauti ni kubwa: neno la kwanza lina harufu ya kusudi, la pili lataja tukio na kisababishi chake.

Jina lingine halikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1961 Boris Magasanik aliliita tendo la glukosi "ukandamizaji" unaofanywa na mazao ya uvunjaji wa chakula, na jina hilo likaenea. Lakini katika Escherichia coli hakuna zao linalozikandamiza jeni za laktosi. Zimefungiwa mlango na kukosa msaada. Tena mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kiasi cha AMP duara hakitofautiani sana wakati bakteria zinapotumia glukosi na zinapotumia laktosi, na kwamba kufungwa kwa mlango ndiyo sababu kuu. Katika Bacillus subtilis, kinyume chake, zao la uvunjaji wa glukosi huchangia kuiweka protini juu ya jeni na kuzizuia. Huko jina lafaa. Wala glukosi si ya kwanza kwa viumbe vyote: bakteria nyingi za jamii ya Pseudomonas hutumia kwanza asidi kama saksineti.

4. Nafasi ya Kiswahili

Hapa sarufi yetu ina msaada. Protini inayozuia tukiiita "mzuiaji", ngeli ya M-/WA- yaifanya kama askari mlangoni. Tukiiita "kizuio", ngeli ya KI-/VI- yaiweka pamoja na kifuniko na kizibo, navyo havina nia. Vivyo hivyo, "jeni imezuiwa" na "jeni haijasaidiwa" ni kauli mbili zinazotaja hali mbili tofauti, ambazo jina la Magasanik limezichanganya. Badala ya "glukosi hupendelewa", yatosha kusema "glukosi hutangulia kutumiwa".

Napendekeza basi tusitafsiri majina ya kigeni neno kwa neno kabla ya kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba bakteria huchagua ataridhika na jibu hilo. Aliyeambiwa kwamba glukosi hutangulia atauliza ni kitu gani kinachoicheleweshea laktosi njia, na kwa swali hilo atafika mlangoni.